Maiti Wetu Wasioandikwa

 Katika darasa yetu limekuwa likirudi suala moja ambalo mwanzo wake ni mdogo na mwisho wake ni mkubwa. Watu wa miji yetu walio ng'ambo, na wengine waliomo humu humu, hufungua intaneti wakatafuta makaburi ya wazee wao. Hutia jina, wakatia mwaka, wakangoja. Mwenye kumtafuta mzee aliyezikwa katika mji wa Uingereza aghalabu hupata: jina, siku ya kuzikwa, upande wa maziara na nambari ya kaburi lenyewe. Mwenye kumtafuta mzee aliyezikwa Mombasa, au Lamu, au Malindi, aghalabu hapati kitu. Ndipo hutuuliza: je, kutoandika kwetu ni kosa, au ndiyo sunna? Na ikiwa yafaa kuandika, yafaa pia kuyaweka majina ya maiti wetu mahali ambapo dunia nzima yaweza kuyasoma?

Jawabu ambalo wengi wetu tumelizoea tangu utotoni ni hili: Mungu anamjua. Ukimuuliza mtu kaburi la babu yake li wapi, atanyosha mkono kuelekea maziara aseme ni kule, karibu na mbuyu, au nyuma ya ukuta wa zamani, na Mungu anamjua alipo. Neno hili ni la kweli, wala hakuna Muislamu awezaye kulikanusha. Mwenye kuijua hesabu ya mchanga hashindwi kumjua mja wake aliye chini ya mchanga huo. Maiti asiyekuwa na jiwe hapungukiwi na thawabu kwa kukosa jiwe, na aliyejengewa kuba haongezewi hata chembe kwa ajili ya kuba.

Lakini neno la kweli laweza kutumiwa mahali pasipo pake. Mwenyezi Mungu anaijua pia kila pesa tunayodaiwa, na juu ya hivyo ametuamrisha tuiandike. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, haikuja kueleza Sala wala Hija wala habari za Pepo na Moto. Imekuja kuhusu kuandikiana deni, na kuweka mashahidi, na kumkataza karani asikatae kuandika, na kuwakataza watu wasione uzito wa kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Basi kule kujua kwake Mwenyezi Mungu hakukufanywa kuwa udhuru wa kutojua kwetu. Twaogopa kwamba wengi wanaosema "Mungu anamjua" hawasemi kwa imani. Wasema kwa uvivu, kisha wakauvika uvivu kanzu ya imani.

Huenda akasema msemaji: mbona Mtume (s.a.w.) amekataza kuandika juu ya makaburi? Twamjibu: umesema kweli, nasi hatutaki kulipita katazo hilo kwa upande. Katika Hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Sahihi ya Muslim, Mtume amekataza kaburi kutiwa chokaa, na kukaliwa, na kujengewa, na katika mapokezi ya Tirmidhi limezidi neno la kuandikwa. Al-Hakim alipoitaja Hadithi hiyo alisema kwamba watu hawaifuati, kwa kuwa maimamu wa mashariki na magharibi makaburi yao yameandikwa. Adh-Dhahabi akamrudi, akasema kwamba hilo ni jambo lililozuka kwa watu ambao katazo halikuwafikia. Nasi twaona kauli ya Adh-Dhahabi ndiyo yenye nguvu, kwani desturi ya watu, hata wakiwa wengi kiasi gani, haiwi hoja mbele ya maneno ya Mtume. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelichukua katazo hili kuwa ni la karaha, na baadhi yao wakaruhusu jina tu kwa haja ya kulitambua kaburi.

Sasa tazama katazo limeangukia wapi. Limeangukia juu ya kaburi. Halikuangukia juu ya daftari. Wala Mtume mwenyewe hakuwa mtu wa kupuuza pahali alipolazwa ndugu yake. Alipofariki Uthman bin Madh'un (r.a.), Mtume alimwamuru mtu alete jiwe, na yule mtu lilipomshinda Mtume alikunja mikono ya kanzu yake akalibeba mwenyewe, akaliweka upande wa kichwa, akaeleza kwamba alitaka kulijua kaburi la ndugu yake ili apate kuwazika karibu yake wale watakaokufa katika jamaa zake. Hadithi hii imo katika Sunan ya Abu Daud. Na yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina, alipokufa masahaba walimzika pasi na kumpa Mtume habari, kama kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliuliza, akaambiwa amekwisha kufa. Akawalaumu kwa kutomwambia, kisha akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamsalia. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Twawauliza wale wasemao kwamba kujua kaburi hakuna maana: kama masahaba nao wangalijibu "Mungu anamjua alipo", Mtume angalimsalia wapi?

Na kuandika siku ya kufa mtu si jambo tulilojifunza kwa Wazungu, kama wadhanivyo baadhi ya vijana wetu waliosoma, na kama waogopavyo baadhi ya wazee wetu wasiopenda jipya. Waingereza walianza kuandika maziko katika madaftari ya makanisa mwaka 1538, kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane. Ibn Khallikan alikwisha kufariki mwaka 1282, miaka zaidi ya 250 kabla ya amri hiyo, na kitabu chake kikubwa amekiita kwa jina la vifo vya watu mashuhuri. Sharti aliyojiwekea humo ni kwamba mtu ambaye mwaka wa kufa kwake haukuthibitika hamtii ila kwa nadra. Kabla yake Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki 1071, aliandika historia ya watu wa Baghdad kwa maelfu, na baada yake As-Sakhawi, aliyefariki 1497, akaandika watu wa karne yake, na jalada zima la mwisho akaliweka kwa wanawake.

Wala hawakufanya haya kwa kupenda hadithi za kale. Wanavyuoni wa Hadithi walikamata waongo kwa tarehe za vifo. Alipokuja mtu akasema, nimesikia kwa sheikh fulani, walimuuliza: ulimsikia mwaka gani? Akitaja mwaka, wakatazama katika madaftari yao, wakamkuta sheikh huyo amekwisha kufa miaka miwili au mitatu nyuma, basi uongo ukadhihirika papo hapo. Dini hii ililindwa, katika jumla ya mambo yaliyoilinda, kwa kuandikwa siku za kufa watu. Leo wajukuu wa umma huo hawajui bibi zao wamekufa mwaka gani, na wakiambiwa waandike huuliza kama si bidaa!

Hata hapa kwetu Pwani wazee wa zamani hawakuwa hivi. Katika magofu ya Gedi liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, nao ni mwaka 1399 wa miladi, na tarehe hiyo imewasaidia wachunguzi kuujua umri wa mji ule. Hatuutoi mfano huu ili watu wakajenge na kuchonga; hukumu ya kuchonga tumekwisha kuieleza. Twautoa ili ijulikane kwamba mkono wa mtu wa Pwani ulikuwa ukishika kalamu miaka 600 iliyopita.

Tuje sasa kwenye haki za walio hai, kwani hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Mwanamke aliyefiwa na mumewe ana eda ya miezi minne na siku kumi, na eda hiyo huhesabiwa tangu siku ya kufa, si tangu siku ya kupata habari. Mume akifa safarini, na habari ikafika baada ya muda, hesabu yake itatoka wapi ikiwa hakuna aliyeandika? Na mirathi ni nzito zaidi. Watu wa mahakama ya Kadhi wanajua ni nyumba ngapi za miji yetu zimekaa miaka bila kugawanywa kwa kuwa haijulikani nani alitangulia kufa. Baba amekufa, na mwanawe amekufa katika mwezi huo huo. Ikiwa baba ndiye aliyetangulia, mwana amerithi, na fungu lake limekwenda kwa mjane wake na watoto wake. Ikiwa mwana ndiye aliyetangulia, basi hakurithi kitu, na watoto wake wamezuiliwa na ami zao. Na ikiwa haijulikani kabisa, kauli ya wanavyuoni wengi, nayo ndiyo kauli ya madhehebu yetu, ni kwamba hawarithiani. Tazama basi: mayatima wapata nyumba au watoka mikono mitupu kwa ajili ya siku tatu au nne ambazo mtu angaliweza kuziandika kwa mstari mmoja wa wino.

Mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964 yalitawanya jamaa wengi. Ndugu mmoja akaja Mombasa, mwengine akaenda Muscat au Dubai, mwengine akaishia London. Leo wamekufa wote, wamezikwa katika nchi nne, na watoto wao wana urithi mmoja. Yule wa London atapatikana kwa dakika chache, kwani mabaraza ya miji ya Uingereza huweka daftari la kila maziko, na mengi ya madaftari hayo sasa yanasomeka katika intaneti. Yule wa Mombasa, ambaye amezikwa mbele ya watu mia tatu, akasomewa hitima siku tatu, ndiye tunayemtafuta.

Hata maiti mwenyewe ana haki katika jambo hili. Wanavyuoni wetu wamesema kwamba kaburi halifukuliwi ili azikwe mwengine mpaka maiti wa kwanza awe amekwisha kuwa udongo, na hilo hujulikana kwa wenye ujuzi wa ardhi ile. Twawauliza wenye ujuzi: mtajuaje muda uliopita, nanyi hamjui alizikwa lini? Maziara ya mjini yamejaa. Mchimbaji huinua jembe akakutana na mfupa, akaufunika, akasogea hatua moja, akakutana na mwengine. Mtume amefananisha kuuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja mfupa wa aliye hai. Mchimbaji hana dhambi ikiwa hakujua. Lakini sisi tuliomwacha asijue tutajibu nini? Na iko hatari nyengine ambayo haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Pwani: ardhi ya wakfu isiyopimwa wala kuandikwa nani amelala wapi ni rahisi kuitwa uwanja mtupu na mwenye tamaa.

Sasa tutoe mfano mmoja mkubwa, ambao waonyesha kwamba kuandikwa na kutoandikwa ni jambo la haki na dhulma. Katika Vita vya Kwanza, vilivyoanza 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na mizigo ya vita hivyo ilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu wa nchi hizi. Walikuwa maelfu kwa mamia ya maelfu, na wengi waliokufa hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, na homa, na kuhara. Jina la kikosi chao limebaki Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na wengi wapitao huko kununua ndizi na vitambaa hawajui kwamba wanalitaja jeshi la wapagazi.

Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya kuangalia makaburi ya vita, ambayo tangu 1960 yaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Msingi wake ulikuwa mzuri: kila aliyekufa atajwe kwa jina lake, kwa jiwe au katika ukuta wa kumbukumbu, pasi na kutofautisha cheo wala dini. Daftari lake lina watu wapatao milioni 1.7, na mtu yeyote aweza kulitafuta katika intaneti bila malipo. Lakini mtoto wa Pwani akitia humo jina la babu wa babu yake aliyechukuliwa kubeba mizigo, akaenda asirudi, mara nyingi hakuna litakalotoka. Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba ule msingi haukufuatwa kwa wote. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waliokuwa na madaraka wakati ule waliona kwamba watu wa namna hii hawana haja ya jiwe wala jina. Yatosha kuwasimamishia sanamu ya pamoja. Ndizo sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1920.

Maneno ya kumbukumbu hizo yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi wa Kiingereza, ambaye mwanawe mwenyewe alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na Kipling akafa 1936 pasi na kujua alipolala. Yeye ndiye pia aliyechagua maneno ya kuchongwa juu ya kaburi la askari asiyetambulikana, yenye maana kwamba huyu anajulikana na Mungu. Kwa hivyo hata Waingereza wana neno lao la "Mungu anamjua". Lakini angalieni walilitumia wapi. Walilitumia baada ya kutafuta, walipokuwa na mwili usiokuwa na jina, na juu ya hivyo mwili huo wakaupa kaburi lake peke yake na jiwe lake peke yake. Kwa wapagazi wetu walianza kwa kutotafuta. Na katika maneno aliyoyatunga Kipling kwa ajili ya askari hawa wamo watoto wanaoambiwa kwamba watalikumbuka jina la baba aliyekufa vitani. Jina lipi, nayo hayakuandikwa? Hapo ndipo tulipomkumbuka yule mfagiaji wa msikiti wa Madina na wale waliodhani kwamba jambo lake ni dogo.

Tume hiyo imeahidi kuyatafuta majina, na imeanza kufanya hivyo katika nyaraka za Kenya na kwengineko. Nasi twawashukuru kwa haki wanayoirudisha. Lakini hatuwezi kuwalaumu wageni kwa kutowaandika babu zetu, na wakati huo huo tukawazika baba zetu leo alasiri bila ya karatasi.

Kwa wanaotafuta, tutataja machache ambayo twaona huwapoteza watu. La kwanza ni jina. Mtu mmoja kwetu huandikwa Athmani, na Othman, na Uthman. Mwengine ni Bakari nyumbani na Abubakar katika pasi. Karani wa kizungu aliandika alivyosikia, na fomu za serikali hulichukua jina la babu wakalifanya ni la ukoo. Basi mwenye kutafuta asishike sura moja ya jina, bali ajaribu kila sura, kisha atafute kwa jina la baba peke yake. Madaftari ya zamani yaliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yana shida yake, kwani herufi hizo, zikiandikwa kwa desturi ya wazee wetu, hazikupambanua sawa sawa baina ya e na i, wala o na u, na mara nyingi p huandikwa kwa ba. Mwenye kuyatia katika kompyuta bila ya kujua Kiswahili cha mahali huweza kuzua mtu ambaye hakuzaliwa.

Jengine ni tarehe. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hata mzee asemwaye kuwa alikufa na miaka 66 kwa hesabu ya mwezi ana miaka 64 kwa hesabu ya jua. Na usiku wetu hutangulia mchana wake. Aliyekufa usiku wa Ijumaa baada ya Isha, daktari amemwandika Alhamisi, na wote wawili wamesema kweli. Kwa hivyo tarehe mbili zikipishana kwa siku moja, mtu asikimbilie kusema kwamba ni watu wawili mbali mbali, au kwamba mmoja amedanganya. Tumeona jamaa wakigombana kwa siku hiyo moja.

Limebaki suala la kuyafungua majina kwa ulimwengu wote, nalo si jepesi kama wadhanivyo wapenzi wa mitambo. Yako madaftari ya intaneti ambayo si ya serikali wala ya wenye maiti. Mashuhuri yao ni Find a Grave, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, na mwaka 2013 ikanunuliwa na kampuni ya Ancestry. Kazi yake hufanywa na watu wa kujitolea wanaozunguka makaburini wakapiga picha mawe. Humo mgeni kabisa aweza kumfungulia baba yako ukurasa, na mwengine akamwekea maua ya picha. Maua hayo hayamfikii maiti. Dua humfikia, na dua haihitaji nambari ya kaburi. Na kwa kuwa daftari hilo lasimama juu ya mawe, aliyefuata sunna akalala bila ya maandishi ni tabu kuonekana humo. Kwa ajili hii pia hatuwezi kuwaachia wengine kazi hii.

Liko na jambo la kuudhi zaidi. Hazina kubwa kabisa ya majina ya wafu, FamilySearch, ni ya kanisa la Wamormoni la Marekani, na katika dini yao mtu aliye hai huweza kubatizwa kwa niaba ya aliyekufa. Mayahudi walipogundua kwamba ndugu zao waliouawa na Wanazi wanabatizwa hivyo, walilalamika, na mwaka 1995 kanisa hilo likakubaliana nao kuacha. Sisi twaamini kwamba tendo hilo halimgusi maiti wa Kiislamu kwa lolote, kwani amekwisha kuondoka na amali yake. Lakini heshima ya mtu haifi naye, na mwenye kuona jina la mama yake limetumiwa hivyo ana haki ya kukasirika.

Basi twaona hivi. Jina, na jina la baba, na siku ya kufa, na maziara aliyozikwa, na safu yake, haya ni mambo yaliyokwisha kujulikana na kila aliyefuata jeneza, na kuyafungua kwa watu kuna faida bila ya madhara yanayoonekana. Ama maradhi yaliyomuua, na nambari ya kitambulisho chake, na siku ya kuzaliwa kwake kamili, na majina ya watoto wake walio hai na nyumba wanayokaa, hayo ni amana. Yaandikwe katika daftari la ndani, lisomwe na warithi na kadhi, yasitiwe katika intaneti hata kwa nia njema. Mtume amekataza kuwatukana wafu, na mwosha maiti amehimizwa asitiri aliyoyaona. Karani wa maziara ni ndugu yake mwosha katika hukumu hii. Wako wezi wa ardhi ambao hawatafuti kitu kingine ila jina la marehemu na tarehe zake ili wajifanye warithi, na sisi hatutawaandalia meza.

Daftari lenyewe halihitaji kompyuta kwa kuanza. Msikiti mmoja, kitabu kimoja kigumu, kalamu, na mtu mmoja mwaminifu mwenye mwandiko wa kusomeka. Aandike tarehe mbili, ya Hijria na ya miladi, na saa ya kufa, si siku tu, kwa sababu tuliyoieleza katika mirathi. Maziara yapimwe kwa safu, na safu zihesabiwe tokea ukuta au mlango, bila ya kuandika chochote juu ya makaburi yenyewe. Nakala moja ikae kwa kadhi, nyengine kwa wasimamizi wa wakfu, na kila mwezi kitabu kipigwe picha kwa simu, kwani mchwa wa Pwani hawasomi wakaacha. Cheti cha serikali kitafutwe vile vile. Daftari la msikiti halikiondoi, bali humsaidia mwenye kukiomba baadaye.

Na wanawake wasiandikwe "mke wa fulani", kama iandikwavyo katika matangazo ya vifo yanayotembea katika simu zetu. Mke wa fulani ni nani, naye fulani ameoa mara tatu? Wanaume waliomshusha kaburini huenda hawakulisikia jina lake hata siku moja. Wanaolijua ni wale bibi waliomwosha na kumvika sanda. Wao walijua jina lake, na jina la mama yake, na mtaa aliozaliwa, na wengine wao wameosha maiti wa mtaa mzima kwa miaka arubaini. Wengi wa bibi hao sasa ni wazee sana. Karani wa daftari aanzie kwao, wiki hii, na achukue kitabu chenye kurasa nyingi.